Ngata Chini ya Kichwa

Sanyuanli, Jumapili alasiri

Atupele mwanangu,

Umetoka sasa hivi. Nimesikiliza viatu vyako vikishuka ngazi, mlango wa chini ukajibamiza, nami nikavuta kiti. Umesema kwaya wanataka kuimba na wewe mara ya mwisho, halafu kuna soda na keki, na saa kumi na mbili utakuwa umerudi kufunga begi. Nina saa nne. Nilipanga kuiandika barua hii na kuisokomeza kwenye mfuko wa pembeni wa begi lako, uikute kesho treni ikiwa imeshaiacha Guangzhou mbali na huwezi kugeuka. Tangu nianze mistari hii nimesimama mara tatu. Mara moja nilikwenda kuangalia kama gesi imefungwa. Ilikuwa imefungwa.

Mambo ya sweta, ya kula kwa wakati na ya kutunza pasipoti sikuandikii. Pasipoti yangu na yako umezitunza wewe tangu una miaka kumi na tano, na tangu juzi wewe ndiye unayeniachia mimi maagizo. Mlango wa friji umejaa karatasi zako za njano: namba ya fundi bomba, siku ya kulipia umeme, anuani yetu kwa herufi za Kichina ili nimwonyeshe dereva wa teksi. Nimezisoma zote. Moja imenichoma. Ni ile inayosema, "Mama, kifuniko cha kola kibadilishwe kila Jumamosi, cha akiba kiko droo ya pili."

Basi niseme, maana nikiendelea kuzunguka itafika saa kumi na mbili sijasema. Shingo yangu haiumi, Atupele. Ilipona mwaka jana, mwisho wa mwezi wa tisa. Miezi kumi na moja umekuwa ukinifulia kifuniko cha kola ya shingo, ile ya hospitali, ambayo nimeivaa ili wewe uione.

Nimesimama tena. Nimekunywa maji, nimerudi.

Nakuambia leo kwa sababu ya jana. Tulikuwa mezani, nimekupikia ndizi na nyama kwa sababu huko uendako hutazipata, na wewe ukaweka kijiko chini ukaniangalia shingoni. Ukasema, "Mama, kama bado inakusumbua, naweza kuwapigia chuoni niahirishe tena." Unajua, na mimi najua, kwamba chuo cha Wuhan kilikuwekea nafasi yako kwa mwaka mmoja tu, na mwaka wenyewe umekwisha. Ukiahirisha tena, ufamasia ndiyo basi. Ulikuwa tayari kuutupa kwa ajili ya kipande cha sponji. Nilikuwa na nyama mdomoni, nikaitafuna mpaka ikaisha, na muda wote huo nilikuwa nafikiria kukubali. Halafu nikasema, "Nenda tu mama, nitajikaza." Hata ruhusa yenyewe nilikupa kwa uongo. Nimeamka leo nikijiogopa.

Ngoja nirudi nyuma, maana nataka ujue lilivyoanza, na sehemu nyingine hukuwapo.

Mwanzo unaukumbuka. Ilikuwa miguu. Kutwa nzima nimesimama Liuhua kwenye yale majengo ya nguo na viatu, kupanda na kushuka ngazi za umeme zilizokufa, kuinama kufunga marobota, na jioni miguu imevimba hadi viatu havitoki. Mgongo nao ulikuwa umejikunja kwa ndani, nikikaa nashindwa kunyanyuka bila kushika meza. Baba yako kwenye simu kutoka Mbeya alikuwa ananiambia nipumzike, yeye akiwa amekaa kwenye kiti dukani Mwanjelwa. Wewe ndiye uliyeliona lile tangazo ukutani karibu na kituo cha metro, ukanisomea huku unacheka: yoga inanyoosha mgongo, inatuliza moyo, inaotesha nywele, inaondoa huzuni. Nikakuambia nywele ninazo, nipeleke kwa ajili ya mgongo.

Tukapanda ghorofa ya tano, hakuna lifti, juu ya ghala la viatu, kila kitu kinanuka gundi. Mwalimu Lan alikuwa anatungoja mlangoni, miguu mitupu, bibi wa miaka sitini mwenye urefu wa kabati letu la vyombo. Nilitazama mwili wake na wangu nikataka kushuka. Wewe ukanisukuma kiunoni.

Miezi mitatu ya kwanza hakunigeuza kichwa chini hata mara moja. Aliuliza presha yangu, akakataa kuniamini, akanituma nikapimwe na nirudi na karatasi. Aliuliza macho. Aliuliza kama niliwahi kuumia mgongo. Halafu akaniweka kwenye viwiko. Nilikaa kwenye viwiko na vidole vya miguu, tumbo limekazwa, jasho likidondoka kwenye mkeka, na yeye anapita ananigonga mabegani kama anayejaribu papai. Nilikuwa nakuuliza, sisi tumekuja kujifunza yoga au kupiga deki? Lakini mwili ulianza kusema wenyewe. Nikaweza kunyanyuka kwenye kiti bila meza. Robota nilikuwa nalivuta kwa mabega na tumbo, kiuno kikatulia. Miguu ilipungua, maana mwisho wa somo alikuwa anatulaza chini, miguu juu ya ukuta, robo saa nzima, na nikaona vifundo vyangu vya miguu ambavyo sikuwa nimeviona tangu nikuzae wewe.

Ikafika ile siku aliyoonyesha kusimama kwa kichwa. Alipiga magoti, akafunga vidole, akaweka utosi chini, akanyanyua miguu polepole kana kwamba kuna mtu anaivuta juu kwa uzi, akatulia. Alikaa vile akiongea, na wewe ukitafsiri. Kwamba ukikaa hivi mabega yanakuwa na nguvu, mikono na mgongo wa juu pia, tumbo linajifunza kukushika bila wewe kulikumbusha, miguu iliyosimama kutwa inapumzika. Kwamba mengine yaliyoandikwa kwenye tangazo aliyaandika mpwa wake, tusiyasikilize. Na kwamba uzito uko kwenye viwiko na mabega, kichwa kinagusa tu.

Hapo ndipo mimi nikajifanya najua. Nilikuambia umwambie kwamba shingo hii imebeba ndoo ya maji tangu darasa la kwanza, kule Tukuyu, mlima kupanda, na mkungu wa ndizi juu yake kukiwa na gulio. Ukamwambia. Alishuka, akakaa, akafikiri, akasema neno fupi, na wewe ukaangua kicheko kabla ya kunitafsiria. "Mama, anasema ndoo ulikuwa unaibeba umesimama. Hapa ndoo ni wewe."

Wenzangu wote wakacheka, na mimi nikacheka, lakini nilichukia. Sikufichi hilo. Nilichukia kwa sababu kitu kimoja nilichokuja nacho mjini huku, kitu ambacho Mchina hakuweza kunifundisha, kilikuwa shingo yangu. Mama yangu alinifundisha kubeba kabla ya kunifundisha kusoma. Alikuwa anasokota majani makavu ya mgomba, anayazungusha kuwa ngata, ananiwekea utosini, anasema usitazame miguu, miguu inajua njia. Nilikwenda mtoni na kurudi miaka minane bila kumwaga. Ukiwa na kitu kama hicho huamini kwamba kuna mahali hakikusaidii.

Nyumbani ulinikataza. Ulisema, "Mama, mwalimu amesema usijaribu peke yako." Jumatano ile ya mwezi wa nane ulikuwa umekwenda kununua begi, begi lilelile lililo kitandani sasa, ulikuwa unaondoka baada ya wiki mbili. Mimi nikachukua kanga yangu, nikaisokota nikaifanya ngata, ngata nzuri tu, nikaiweka chini karibu na kabati, nikaweka utosi katikati yake. Nilijua kabisa ninachofanya. Sikuweka uzito kwenye viwiko hata kidogo. Nilisukuma miguu, nikapanda, na kwa muda wa pumzi mbili nilikuwa juu. Juu kabisa, Atupele. Niliona chumba chetu kimepinduka na kalenda ya kanisa imegeuka. Halafu ngata ikaviringika. Ngata hukaa utosini kwa sababu mzigo unaikandamiza kutoka juu na wewe unaifuata unapotembea. Chini ya kichwa haikufuati mtu. Shingo ikaenda upande mmoja na mimi nikaenda upande mwingine, nikaangukia mguu wa kitanda.

Ulinikuta sakafuni, kanga bado imesokotwa. Hukunigombeza. Nilisubiri unigombeze njia nzima hadi hospitali. Daktari akasema ni misuli na mishipa tu, mifupa mizima, nivae kola wiki sita. Na wewe bila mtu kukuomba ulitoa simu pale pale kwenye benchi ukapiga chuoni. Wakakuambia unaweza kuchelewa mpaka baada ya sikukuu ya mwezi wa kumi, lakini ikipita hapo, basi mwaka ujao. Ukaniambia, "Usijali Mama, wiki sita zitatosha." Zilitosha. Hilo ndilo nataka ulijue. Zilitosha kabisa.

Siku ya kurudi kwa daktari wewe ulikuwa Liuhua unasimamia mzigo wa kontena, nikaenda mwenyewe. Hatukuweza kuongea, yeye na mimi. Alinivua kola, akaniwekea mkononi. Akanionyesha nigeuke kulia, nikageuka. Kushoto, nikageuka. Juu, chini. Akatabasamu, akaninyooshea dole gumba, akaniandikia karatasi, akamwita mgonjwa mwingine. Sikuhitaji mkalimani. Nikaingia kwenye lifti na watu wanane, na kati ya ghorofa ya sita na ya chini nikaikunja karatasi mkobani, nikaivaa tena kola.

Ulirudi jioni, vumbi mpaka kwenye kope, ukauliza daktari kasemaje. Nikasema, "Amesema bado."

Ulikaa kwenye kile kiti ninachokalia sasa, ukavua viatu, ukasema haya. Haya tu. Sikukuona ukilia, lakini kesho yake macho yako yalikuwa yamevimba nami nikajifanya najishughulisha na chai.

Sitakuambia nilifanya kwa sababu nakupenda. Nilifanya kwa sababu ya woga, na woga wenyewe ulikuwa na siku yake. Wiki moja kabla, ulipokuwa na homa, nilikwenda peke yangu kutafuta viatu vya watoto. Nilizunguka vibanda sita. Kila nilipofungua mdomo, laoban, mwenye kibanda, alisema meiyou bila kunyanyua macho kutoka kwenye bakuli lake la tambi. Hakuna. Viatu viko ukutani nyuma yake, mamia, na ananiambia hakuna. Ukiwa upande wangu wananiita dada na kuniletea kigoda. Nilisimama katikati ya ule umati, watu wa nchi zote wananipiga vikumbo na marobota, nikaona hivi ndivyo nitakavyokuwa ukiondoka: mama mnene anayeambiwa hakuna. Na nyumbani ni redio tu.

Ulikuja hapa una miaka kumi na tatu. Kabla hujajua mji huu una mto, ulikuwa umeshajua bei ya jumla ya suruali za jinzi. Ukitoka shule ulikuwa unakuja sokoni na sare, unasimama kati yangu na laoban. Nilikuwa nakuambia mwambie mama ana kontena mbili zinangoja, na wewe ulikuwa unajua hatuna hata nusu, unageuka unamwambia kwa sura ya malaika. Nilikusifia. Nilikuwa nawasimulia wafanyabiashara wenzangu pale kwenye jengo la Tianxiu, huyu mtoto ana akili ya biashara. Nilikufundisha kudanganya wengine kwa faida yangu, sasa nashangaa nini kwamba mimi mwenyewe nilijua njia.

Ni saa tisa na nusu. Nimekwenda dirishani mara mbili. Kuna mtu anafunga mizigo kule chini kwa utepe wa gundi, ile sauti ya kuvuta na kukata, kuvuta na kukata, na nikaona nitapasuka.

Kuna mtu mmoja aliyejua. Mama Chantal wa Lubumbashi, yule anayepakia kontena pale Tianxiu. Ilikuwa baada ya mwaka mpya wa Wachina. Nilikuwa natoka kwa Mwalimu Lan, nimebeba robota dogo kichwani, mikono mitupu, nikakutana naye mlangoni mwa lifti. Alinitazama kuanzia miguu mpaka kwenye robota.

"Mama Atu," akasema, "na ile minerve yako?" Ndivyo wanavyoita kola kwa Kifaransa chao. Nikamwambia iko kwenye mkoba. Akatikisa kichwa. "Shingo ilisha kupona, c'est vrai, ni kweli. Na mutoto, anajua?"

Nikamwambia nitamwambia. Akauliza lini, nikamwambia karibuni. Lifti ikaja, ikafunguka, akaingia, na alipokuwa ndani akasema, "Mie siwezi kumwambia, ni wako. Lakini ule mutoto anakuchungaka kama mutu muzee sana." Tangu siku ile nikipeleka mzigo natumia ngazi za nyuma.

Ndiyo, nilikuwa natoka kwa Mwalimu Lan. Hili nalo hukulijua. Kila Jumanne na Ijumaa niliposema nakwenda kukandwa shingo, nilikuwa nakwenda ghorofa ya tano. Kola niliivulia kwenye ngazi, kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, mahali ambapo taa imekufa, na nikishuka naivalia palepale. Mwalimu nilimpelekea karatasi ya daktari, akaisoma mara mbili, akaanza nami upya kama mtu ambaye hajawahi kufika. Viwiko. Tumbo. Viwiko tena. Safari hii sikumwambia habari za ndoo.

Unajua alinifundisha nini kwanza? Kushuka. Wiki nyingi sikupanda, nilishuka tu. Ananyanyua yeye miguu yangu, naye ananishusha, na mimi kazi yangu ni kushuka polepole, goti moja, goti la pili, halafu nibaki chini paji la uso likiwa kwenye mkeka nihesabu pumzi kabla sijainuka. Ukiinuka haraka kichwa kinazunguka. Nilikuwa nachukia kukaa pale chini. Mimi ni mtu wa kunyanyuka na kwenda, unanijua. Lakini ni pale chini, kila Jumanne na Ijumaa, nimebana uso kwenye mkeka unaonuka gundi ya viatu, nilipokuwa nasikia moyo wangu ukiniuliza unamfanyia nini mtoto wa watu. Nikiinuka nilikuwa sisikii tena.

Halafu wewe hukuwapo kunitafsiria, na mwalimu hajui Kiswahili hata salamu. Ikabidi nijue mwenyewe. Bega, kiwiko, goti, sukuma, usisukume, polepole, pumua, tena. Moja hadi thelathini. Si hapo, hapa. Mtu akikushika mguu hewani akakuambia neno, Atupele, hulisahau. Kuanzia mwezi wa tano nilikuwa nasikia zaidi ya nusu ya mliyokuwa mnasemezana na wale laoban. Siku moja yule mwanamke wa mabegi alikutania kwamba utazeekea sokoni pamoja na mama yako. Wewe ukacheka hukunitafsiria. Nililisikia lote. Niliendelea kushika begi nikikagua zipu, sura ya mtu asiyejua kitu, kwa sababu kama ungejua naelewa ungeuliza kwa nini basi uko pale.

Kwa hiyo hata ule woga wa meiyou ulikuwa umeshaniisha, na bado nilikuacha usimame. Nimefuta mistari minne nikitafuta maelezo, na hakuna. Nilikuwa nimezoea kukuegemea.

Mwanzoni pale kwa mwalimu nilisimama kwa ukuta. Visigino vinagusa ukuta, unajisikia hodari. Nilitaka kubaki hapo, mwalimu hakunikataza, alisogeza tu mkeka wangu kidogo kila wiki. Kidole kimoja. Halafu viwili. Ikafika siku natafuta ukuta kwa kisigino siupati, na niko juu. Nilimwita kwa woga, naye alikuwa upande wa pili wa chumba anamenya chungwa.

Nimeacha kalamu, nimekunja meza, nimetandika blanketi katikati ya chumba, mbali na kabati na mbali na kitanda. Tumbo lina chakula cha mchana na mwalimu angenigombeza. Nimepanda. Pumzi ishirini, nimezihesabu kwa Kichina. Mikono imechoka sasa ndiyo maana maandishi yamekuwa hivi, lakini shingo haisikii kitu, kichwa kiligusa tu kama alivyosema. Nimeshuka goti moja, goti la pili, nikakaa chini paji la uso kwenye blanketi. Nimekaa muda mrefu. Safari hii nilipoinuka nilikuwa bado nasikia.

Nilichosikia ni kwamba barua hii haiendi kwenye begi.

Nilikuwa nimepanga ujanja mwingine, unaona? Uisome ukiwa peke yako kwenye siti, milima inapita, ulie na ukasirike na dirisha la treni, na mimi niwe huku nakaanga samaki. Ukifika umeshachoka kukasirika, unanipigia, unasema yameisha Mama. Ningekuibia mwaka, halafu nikuibie na hasira yake. Hapana. Una haki ya kunikasirikia nikiwa mbele yako, na sauti yako ikiwa kubwa kadiri unavyotaka, majirani wasikie.

Sikuombi uamue leo kunisamehe. Sitakuambia pia kwamba mwaka huu ulikuwa na faida yake, ingawa najua ukiwa na huruma utajaribu kuniambia hivyo wewe. Usijaribu. Kama kuna neno moja ningependa uende nalo Wuhan ni hili, na nalisema kama mtu aliyeanguka na ngata ya kanga: huko kutakuwa na mahali ambapo kile unachokijua vizuri zaidi hakitakusaidia. Wewe unajua kubeba watu. Umenibeba mimi tangu ukiwa na sare. Mtu yeyote atakayekuambia anaumwa utataka kukaa naye. Mwulize daktari kasemaje, na umtazame akijibu. Anza na mimi.

Ni saa kumi na mbili kasoro dakika kumi. Karatasi zako za njano nitaziacha zote kwenye friji isipokuwa ile moja, ambayo nimeitoa. Kola nimeivua. Iko hapa mezani chini ya barua hii, pamoja na vifuniko vyote viwili, nimevifua mwenyewe leo asubuhi. Mimi niko jikoni, shingo wazi. Ukimaliza kusoma njoo, ukitaka kukaa kwanza kaa, ukitaka kutoka na kutembea mpaka hasira itulie, funguo ziko mlangoni.

Lakini treni yako ni saa mbili kesho asubuhi, na uwe umenisamehe au bado, utaipanda. Begi nitalibeba mimi mpaka stesheni, kichwani.

Mama yako